Ya mikono mirefu au kata mikono? Vazi la mpira kwa anayeogelea Nyasa na maji ya Nyanda za Juu Kusini

Picha ya mtu aliyevaa vazi jeusi la mpira, limembana kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, akiingia Ziwa Nyasa pale ufukwe wa Matema, ikitua kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Mbeya, kazi haifanyiki tena siku hiyo. Lile vazi ni la nini? Linazuia kichocho? Ukilivaa huzami? Na mbona la huyu lina mikono hadi kwenye viganja na la mwenzake limeishia mabegani? Kwenye hilo la mikono ndipo ubishi unapokolea. Mmoja anasema kata mikono ni la bei poa, wenye hela wananunua la mikono mirefu. Mwingine anafunga mjadala kabisa: mikono ni ya baridi, Mbeya kuna baridi, basi chukua ya mikono.

Jibu hilo la pili ndilo lililonifanya niandike, maana linasikika la busara na bado linampeleka mtu pabaya. Kwamba Mbeya kuna baridi, nani abishe? Ila hakuna anayeogelea Mwanjelwa, katikati ya mji.

Tuanze na vazi lenyewe. Huitwa wetisuti, na hutengenezwa kwa neoprini, mpira wa kiwandani uliobuniwa na wanakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Mpira huo ukiandaliwa kwa ajili ya mavazi hutiwa gesi, ukajaa vijipovu vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimejifunga peke yake. Unene wake hupimwa kwa milimita. Miaka ya 1950 wazamiaji na wachezaji wa mawimbi kule California walianza kuuvaa. Wetisuti ya kuogelea hasa, yenye mpira laini unaonyumbuka na ngozi ya nje inayoteleza, ilikuja mwaka 1987, ilipoanza kutengenezwa kwa ajili ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Kwa hiyo ukisikia "wetisuti" jua kuna ya kuzamia, kuna ya mawimbi na kuna ya kuogelea, na hazifanani. Hapa tunaongelea hii ya tatu, yenye sura mbili: ya mikono mirefu na ya kata mikono. Zote mbili kwa kawaida zina miguu mirefu.

Kinachokukinga si yale maji ya ndani

Wengi wameambiwa kwamba wetisuti inaingiza maji kidogo, mwili unayapasha moto, na hayo maji ndiyo yanayokukinga na baridi. Maji yanaingia kweli, lakini kinachozuia joto lisitoke ni ile gesi iliyofungiwa kwenye vijipovu vya mpira. Maji yenyewe yanachukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana hewa ya nyuzi joto 24 unaikaa na fulana siku nzima, ilhali kwenye maji ya nyuzi 24 ukikaa umetulia kwa muda mrefu, meno yataanza kugongana. Ndani ya wetisuti maji yanatakiwa yawe machache iwezekanavyo na yasitembee. Vazi likiwa pana, kila ukivuta mkono maji mapya yanaingia na yaliyopata moto yanatoka, na wewe unaendelea kupasha moto ziwa zima bila faida.

Kazi ya pili ya vijipovu hivyo ni kukuinua. Hili kwetu lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko haya kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo mtu wa kilo 70 aliyezoea kuogelea Dar es Salaam au Zanzibar akija Matema anakosa kama kilo moja na robo tatu za kuinuliwa. Anaiona kwenye miguu: inashuka, kiuno kinafuata, na anabaki anaogelea kama anapanda kilima. Wetisuti inairudisha miguu juu, na faida hiyo inatokana na mpira wa mapaja, nyonga na kifua, ambao ndio mnene. Mpira wa mikononi mara nyingi ni mwembamba, milimita moja au mbili, ili bega lisifungwe. Hivyo ukiwa na ya kata mikono hujapoteza sehemu kubwa ya kuelea. Umepoteza kitu kingine.

Mikono inafanya nini majini

Mtu anayeogelea kifudifudi, mkono huu halafu ule, anasukumwa mbele zaidi na mikono na mabega kuliko na miguu. Misuli hiyo inazalisha joto, damu inalichukua na kulizungusha. Wakati huohuo mkono ni mwembamba, mafuta chini ya ngozi yake ni kidogo, na ngozi ni pana ukilinganisha na nyama iliyomo ndani. Joto la mwili linapata pale njia rahisi ya kutokea.

Fikiria lori lililopakia saruji kutoka Dar likipanda Kitonga kuja Iringa. Injini inanguruma, na kinachoifanya isichemke ni rejeta iliyo wazi pale mbele ikipigwa na upepo. Utingo akiifunika kwa turubai, hawafiki Ilula. Lori hilohilo likiwa limelala Makambako alfajiri ya Julai, kuifunika rejeta hakuna ubaya. Injini inapata moto mapema. Mikono yako ndiyo rejeta. Swali la mikono mirefu au kata mikono ni swali la kama unataka rejeta ifunikwe au iachwe wazi, na hilo haliamuliwi na urembo wala bei, linaamuliwa na joto la maji na muda utakaokaa humo.

Kwenye maji ya baridi kweli, mkono ulioachwa wazi ndio unaotangulia kushindwa. Neva zinapunguza kasi, misuli inakaza, vidole vinaachana na huwezi tena kuvikusanya, mvuto wa mkono unakuwa mfupi. Yote haya yanatokea kabla joto la ndani ya mwili halijashuka kiasi cha kutisha. Mtu anaweza kuwa na akili timamu, anaona ufukwe ule pale, ila mikono haimtii. Hapo mikono mirefu inalipa. Kwenye maji ya moto mambo yanageuka: anayejitahidi kwa nguvu akiwa amefunikwa mpira mwili mzima hana pa kutolea joto, na jasho halimsaidii kitu kwa kuwa ndani ya maji halikauki.

Baridi ya Mbeya haishuki na wewe hadi Matema

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475. Ukitoka Uyole ukapita Kiwira na Tukuyu, ukateremka kwenye mpunga na kokoa za Kyela hadi Ipinda, ukaingia Matema chini ya milima ya Livingstone, umeshuka zaidi ya mita 1,200. Sweta ulilotoka nalo nyumbani limeshakuwa mto wa kuegemea dirishani. Lakini uamuzi wa kununua wetisuti uliufanya ukiwa bado Mbeya, umejikunyata, na ndiyo maana umebeba ya mikono mirefu yenye milimita tano.

Maji ya juu ya ziwa hayabadiliki sana mwaka mzima. Julai na Agosti, miezi ya baridi, yanakuwa nyuzi 23 au 24 hivi. Kuanzia Desemba hadi Februari yanafika 28, wakati mwingine yanazidi kidogo. Sasa weka namba hizo mbele ya kanuni za mashindano. Shirikisho la dunia la michezo ya majini, kwa mashindano yake ya maji ya wazi, linalazimisha wetisuti maji yakiwa chini ya nyuzi 18, linamwachia mwogeleaji achague kati ya 18 na 20, na kuanzia 20 linakataza. Kwenye triathloni, wanaoshindana kwa makundi ya umri hawaruhusiwi kuivaa kwenye kuogelea hadi mita 1,500 maji yakifika nyuzi 22. Kwa wale wa daraja la juu kikomo ni 20. Kwa hesabu hiyo, Nyasa ya Julai, ile ambayo mtu wa Mbeya anaiita ya baridi, ingekuwa bado ni maji ambayo waamuzi wanakuambia wetisuti iache ufukweni.

Kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya usawa peke yake. Oktoba 2010, Fran Crippen, mwogeleaji wa timu ya taifa ya Marekani, alifariki katikati ya mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, kwenye maji yenye joto kali. Hakuwa na wetisuti. Baada ya msiba ule kikawekwa kikomo cha juu pia: maji yakizidi nyuzi 31, mashindano hayafanyiki. Watu wa nyanda za juu tumelelewa kuogopa baridi tu. Kwamba joto nalo linaua ndani ya maji, wengi wetu halijawahi kutupitia akilini.

Wenyeji wa ziwani wao wanalijua bila kanuni. Mzee mmoja wa mitumbwi pale Matema alimkuta kijana kutoka Mbeya, saa sita mchana, Januari, anahangaika kupitisha kiwiko kwenye mkono wa mpira huku jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana, mzee, najikinga na baridi."

"Baridi ipi?"

Kijana hakuwa na jibu, na sidhani kama lipo.

Basi kwa Nyasa, msimamo wangu ni huu. Kwa mtu wa kawaida anayeogelea chini ya saa moja, miezi mingi ya mwaka, huhitaji wetisuti kabisa. Kama unaogopa jua, na jua la Kyela si la mchezo, vaa fulana ya laikra, kile kitambaa chepesi kinachonyumbuka, ya mikono mirefu; inakinga ngozi bila kufungia joto. Kama wewe ni mwembamba, au unakwenda umbali mrefu wa saa moja na nusu au zaidi, au miguu yako inazama na unataka ikae juu ukiwa bado unajifunza, chukua ya kata mikono, nyembamba, milimita mbili au tatu. Hapo unapata kuelea, kifua kinabaki na joto lake, na rejeta iko wazi. Ya mikono mirefu pale ziwani namwachia mtu mmoja tu: yule ambaye mwili wake unapoa haraka hata wenzake wakiwa wanacheka, na hata yeye Juni hadi Agosti tu, asubuhi, wakati upepo wa kusini umechachamaa.

Upepo huo una tabia yake. Majini huusikii sana. Unakupata ukitoka, umelowa, unatembea kuelekea kwenye gari, na unaendelea kukupata ukiwa nyuma ya bodaboda au kwenye kosta ya kurudi Mbeya jioni. Watu wanarudi wanatetemeka, wanasema maji ya Nyasa yana baridi, kumbe baridi wameipata Kiwira wakiwa na nguo mbichi. Dawa yake ni taulo, nguo kavu na koti lililobaki kwenye begi. Mikono ya mpira haihusiki.

Ukipanda juu, hesabu inabadilika

Nyanda za juu si Nyasa tu. Ziwa Kisiba pale Masoko, Rungwe, lile linalosimuliwa kwamba Wajerumani walitupa humo hela zao, liko kwenye mita 800 na ushei, kwa hiyo maji yake yanakaribiana na ya Nyasa kuliko unavyodhani ukitazama msitu wa pembeni; kata mikono inatosha, na wengi wanaingia hivihivi. Ngosi iko zaidi ya mita 2,000 na mtu anaweza kusema hapo sasa ni mahali pa mikono mirefu. Mimi nasema hapo si mahali pa kuogelea. Kuta zake ni mwinuko mtupu, njia ya kushuka inateleza, ni kreta ya volkano, yaani shimo la mlima wa moto, inayotoa gesi ya kaboni dioksidi, na ukipata shida hakuna mtumbwi wa kuja kukuchukua.

Mahali ambapo swali la mikono linapata maana kamili ni kwenye mabwawa ya Mufindi, yale ya katikati ya mashamba ya chai, kwenye mita 1,800 na zaidi. Huko Juni na Julai usiku unaingia kwenye baridi kali, na maji ya bwawa yanaweza kushuka chini ya nyuzi 18. Kwa maji ya namna hiyo, ukitaka kukaa zaidi ya dakika kumi na tano, vaa ya mikono mirefu, wala usione aibu. Ila jua kwamba hata hiyo haikuondolei mshtuko wa kuingia. Dakika moja hadi tatu za mwanzo pumzi inakatika, kifua kinabana, unavuta hewa kwa pupa bila kupenda. Ukiwa umejirusha kwa kichwa, unaweza kuvuta maji. Ingia taratibu, jimwagie usoni na shingoni, subiri pumzi itulie, ndipo uanze kuogelea. Mabwawa mengi ni ya watu, omba ruhusa kwanza. Na Mtera, kwa wale wa Iringa wanaoiwazia, ina viboko na mamba. Hakuna wetisuti ya kujibu hilo.

Usikisie joto la maji. Nunua kipimajoto, kifunge kwenye kamba, kizamishe kina cha urefu wa mkono, mahali palipo mbali na ukingo, kama unaweza ukiwa kwenye mtumbwi, ukiache dakika kadhaa. Maji ya ukingoni yamepigwa na jua na yatakudanganya. Chini ya 18, mikono mirefu. Kati ya 18 na 22, mwili wako na muda wako ndio waamuzi, na hapa ndipo watu wawili wenye akili wanaweza kuchagua tofauti wote wakawa sahihi. Juu ya 22, kata mikono au bila kitu.

Bega linalouma linaanzia kwenye paja

Sababu inayotajwa zaidi na wanaochagua kata mikono wala haihusu joto. Wanasema ya mikono inachosha mabega. Ni kweli inatokea, mpira unavutana na wewe kila unaponyoosha mkono, na baada ya nusu saa bega linaungua. Mwenye jeraha la zamani la bega, au mwenye mabega mapana kuliko kiuno, ana haki ya kuikimbia. Lakini wengi wanaolalamika wamevaa vibaya, na kosa liko chini kabisa, mahali ambapo hawakuliangalia.

Uvaaji wenyewe uko hivi. Unaanza na miguu. Zamani ujanja ulikuwa kuvaa mfuko wa plastiki kwenye unyayo ili mguu uteleze; tangu Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo tumia soksi nyembamba. Ukingo wa mguu wa vazi unauacha juu ya kifundo, si chini yake. Halafu unaupandisha mpira kidogo kidogo, unaukunja kwa ncha laini za vidole, kamwe si kwa kucha, maana kucha moja ndefu inaupasua. Unapandisha goti, unapandisha paja, mpaka pale katikati ya miguu mpira ugusane na mwili kabisa. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaacha nafasi ya vidole vitatu kati ya mapaja, wanapandisha kiwiliwili na kufunga zipu. Zile sentimita zilizobaki chini ndizo zinazokosekana juu. Vazi zima linakuvuta mabega kuelekea chini, na kila unaponyoosha mkono unalivuta kuanzia nyonga.

Baada ya mapaja, kiuno. Baada ya kiuno, mikono. Ukingo wa mkono upande sentimita chache juu ya kifundo cha kiganja, kisha usukume mpira kuelekea begani hadi kwapa la vazi liguse kwapa lako na juu ya bega pabaki mkunjo kidogo. Zipu inakaa mgongoni, na mwenzako ndiye anayeifunga vizuri. Nyoosha mkono wima pembeni ya sikio. Ukisikia shingo inabanwa au kiganja kinarudishwa, rudi kwenye mapaja uanze tena. Ukiisha kufanya hivyo na bado unavutwa, vazi ni dogo. Shingo ikikubana kiasi kwamba kumeza mate ni kazi, usiingie nalo majini, hata kama ni la bure. Hisia ya kukabwa ukiwa katikati ya ziwa inaleta hofu, na hofu inamaliza pumzi.

Ya kata mikono nayo ina mtihani wake, mfupi zaidi. Angalia mduara wa kwapani. Ukiweza kuingiza vidole viwili kirahisi, maji yataingia humo kila mvuto na mgongo utajaa.

Kuhusu kasi, likivaliwa sawasawa, kwenye maji ya baridi la mikono mirefu huwa na faida kidogo kwa sababu ngozi yake ya nje inateleza na mkono wenyewe unaelea kidogo. Kidogo. Asiyejua kupumua vizuri majini hatanunua kasi dukani.

Yale yanayosemwa mtaani

Kwamba wetisuti inazuia kichocho. Haizuii. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, na Nyasa ni ziwa lenye kichocho. Mpira unafunika sehemu ya ngozi, lakini maji yanayoingia ndani ya vazi ni yaleyale ya ziwa, na viganja, nyayo, shingo na uso viko wazi hata kwenye ya mikono mirefu. Kinachopunguza hatari ni kuepuka maji ya kina kifupi yenye majani, pasipo na mawimbi, hasa mchana; kuingilia penye mchanga safi au kwa mtumbwi; na baada ya wiki kadhaa kwenda kupima. Dawa yake, praziquantel, ipo hospitalini. Usichague mikono mirefu kwa ajili ya kichocho.

Kwamba ukiivaa huzami. Inakuinua, ndiyo, lakini si jaketi okozi. Jaketi okozi limetengenezwa likugeuze uso uelekee juu hata ukizimia. Wetisuti itakuacha unaelea kifudifudi bila tatizo lolote. Tena nyingi ni nyeusi, na kichwa cheusi kwenye maji ya jioni mwenye boti la injini hakioni. Vaa kofia ya rangi kali na vuta boya la rangi ya chungwa nyuma yako. Kuhusu mamba, waulize wavuvi kabla hujaingia, hasa karibu na midomo ya mito, na wakikuambia usiingie hapa, usibishane nao.

Kwamba ya kata mikono ni ya wanawake. Hili silijibu.

Ukiikuta kwenye mitumba

Wengi wetu hatutainunua mpya. Zinatokea mara mojamoja kwenye marobota, zinatundikwa pembeni ya makoti ya mvua, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui ni nini, nimesikia mmoja akimwambia mteja, "Kaka, hii ni ya pikipiki, ukivaa hii Uyole alfajiri hausikii upepo." Hakudanganya sana.

Cha kuangalia ni ngozi ya nje. Ikiwa ni kitambaa mwili mzima na magotini kuna viraka vigumu, hiyo ni ya mawimbi. Itakutia joto ila utavuta nayo maji. Ikiwa nene na nzito kila mahali, milimita tano hadi saba, ni ya kuzamia, achana nayo. Ya kuogelea inateleza kwa nje, mpira ni mwembamba kwapani na mabegani, na ina kamba ndefu kwenye zipu ya mgongoni. Bonyeza kifua kwa kidole gumba: mpira mzima unarudi mara moja, uliochoka unabaki na shimo kwa muda. Ukunje, ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, vijipovu vimekufa. Ukishaipata, ioshe kwa maji safi, ianike kivulini imegeuzwa nje ndani, isipigwe na jua. Watengenezaji wengi wanakataza mafuta ya mgando ya petroli kwenye shingo, wanasema yanaharibu mpira.

Na kama uliyoipata ni ya mikono mirefu wakati wewe ni mtu wa Matema, unaweza kuikata. Mafundi cherehani wataogopa kwa sababu wamezoea vitambaa vinavyochanika nyuzi, lakini ukingo wa neoprini uliokatwa kwa mkasi mkali unakaa wenyewe bila kupindwa. Fundi asiushone kwa mashine, kila tundu la sindano litapitisha maji. Asikate kwenye mshono wa bega pia, maana akiingia pale gundi inaachia na mduara wa kwapani unapanuka usirudi. Kata kwanza katikati ya mkono wa juu, ogelea nayo, ndipo uamue kama unapunguza tena.